Shajara ya mradi: kimeng'enya cha MAGL na seli za tezi dume, Mombasa

15 Januari 2024: tunachotafuta

Nilipotaka kujua namna ya kukuza seli za saratani kwenye joto la Mombasa, nilimtafuta wa kumwuliza hapa Pwani nikamkosa. Ndiyo sababu ya shajara hii. Nitaandika zaidi yale yatakayoharibika na gharama yake. Yatakayokwenda sawa nitayapitia mbio, kwa kuwa yamo kwenye kila kijitabu cha maabara.

Kwanza niondoe shaka ya bangi, maana mlinzi wa lango letu ameshaniuliza mara mbili: "Daktari, ule mche wenu umeota?" Hatuna mche. Mwili hujitengenezea kanabinoidi zake wenyewe, yaani kemikali zinazofanya kazi kama zile za bangi. Anandamidi ilitangazwa mwaka 1992 na kundi la Raphael Mechoulam kule Jerusalem, na jina lake limetoholewa kutoka neno la Kisanskriti lenye maana ya raha. Mwaka 1995 ikafuata ya pili, ambayo kwa ufupi huitwa 2-AG. Zote mbili hazikai: zikishafanya kazi hukatwakatwa na vimeng'enya. Anandamidi hukatwa na FAAH, na 2-AG sehemu kubwa hukatwa na MAGL.

Mimi nakifuata MAGL. Kikikata 2-AG na jamaa zake, huacha asidi za mafuta, na seli ya saratani hupenda mafuta hayo kama kijana apendavyo viazi karai. Mwaka 2010 kundi la Benjamin Cravatt huko Marekani lilionyesha kwamba seli za saratani zilizo kali zina MAGL kwa wingi, na ukikizuia hupungua ukali. Mwaka uliofuata ikaonyeshwa kwa saratani ya tezi dume: seli za PC-3 zina kingi, za LNCaP zina kidogo (hayo ni majina ya koo mbili za seli za saratani hiyo zinazokuzwa maabara). Dawa ya kukizuia huitwa JZL184. Ya kuzuia FAAH ninayotumia ni URB597.

Swali langu ni dogo. Je, PC-3 zikinyimwa MAGL zitaota vishada vichache ndani ya agari laini, ule ute ulioganda wa kukuzia seli? Seli ya kawaida ya mwili haiwezi kuota ikiwa inaelea, inataka pa kushika. Ya saratani huota hapohapo inapoelea, na ndiyo maana kipimo hiki hutumika kukisia kama seli inaweza kuunda uvimbe. Hakuna panya wala mgonjwa kwenye mradi huu.

Maabara ni chumba kimoja upande wa Tudor, chenye kabati la hewa safi, inkubeta moja (kabati la kutunzia seli kwenye nyuzi 37) na friza inayolia usiku. Watu ni watatu: mimi, mwanafunzi wangu wa uzamili, na fundi wa maabara ambaye kila mtu humwita Ami.

29 Januari: sanduku la barafu

Seli zilitumwa kutoka maabara rafiki ya Nairobi kwa basi la usiku, zimegandishwa ndani ya sanduku la povu pamoja na kilo 5 za barafu kavu. Basi lilitakiwa kufika Mwembe Tayari saa kumi na mbili asubuhi. Lori lilianguka njiani, foleni ikafunga, sanduku nikalipokea saa tisa alasiri. Nilipofungua, kilo 5 zilikuwa zimebaki vipande vitatu vya ukubwa wa kaimati. Vichupa viwili kati ya vinne vilikuwa vimeshalainika.

Niliviyeyusha vyote vinne siku hiyohiyo, nikaosha DMSO (kemikali inayolinda seli zinapogandishwa), nikatia rangi ya trypan, ambayo huingia seli iliyokufa tu. Katika kila seli 10 zilizokuwa hai ni 2. Baada ya siku nne hata hizo 2 hazikuwapo.

Gharama: barafu kavu na sanduku shilingi 4,200, nauli ya mzigo 800, midia (maji ya chakula cha seli) na seramu ya ndama tuliyomwaga kama 6,000. Nani wa kulaumu? Mimi. Barafu kavu hupungua kilo kadhaa kwa siku hata sanduku likiwa zima, na nilipiga hesabu ya safari ya usiku mmoja kana kwamba barabara ya Mombasa haina tabia zake.

7 Februari: seli kwenye treni

Wazo lilikuwa la Ami: "Kwani lazima zigandishwe? Zije hai." Kweli. Seli zilizoshika chini ya chupa huweza kusafiri siku nzima zikiwa hai mradi chupa ijazwe midia hadi shingoni, isibaki hewa ya kuchapa mawimbi, na kifuniko kifungwe kwa utepe. Joto letu, ambalo ni adui wa barafu, kwao ni afueni. Seli zinataka nyuzi 37, na Mombasa iko karibu na hapo kuliko Nairobi.

Mwanafunzi alipanda treni kwenda, akalala, akarudi na chupa nne mapajani. Nauli ya daraja la kawaida ilikuwa shilingi 1,500 kila upande. Kule stesheni mabegi hupangwa mstari mbwa wapite wakinusa. Alikuwa na wasiwasi, kwa kuwa barua aliyobeba ilikuwa na neno "kanabinoidi" kwenye mstari wa kwanza. Mbwa alipita bila hata kugeuza kichwa. Askari ndiye aliyesimama, akainua chupa yenye maji ya waridi akauliza kama ni juisi ya ukwaju. (Barua sasa inasema "sampuli za maabara za kufundishia na utafiti". Ni kweli, na inasomeka haraka.)

Zilifika zikiwa zimeshika vizuri. PC-3 zilijaza chupa baada ya siku tatu. LNCaP ni wavivu na hushika kwa kusitasita, ukitikisa chupa zinang'oka. Kumbukeni hilo, litanirudia.

4 Machi: nukta

Mwanzoni mambo yalikuwa matamu. Nikaanza kuona PC-3 zinachelewa: chupa iliyokuwa ikijaa kwa siku tatu ikawa inataka tano. Midia safi, haina wingu. Nikalaumu seramu, nikafungua chupa mpya ya mililita 500, shilingi 78,000, hazikubadilika. Nikalaumu gesi ya kaboni dioksidi ya inkubeta, nikabadili mtungi. Vilevile.

Mwishoni nikapanda seli juu ya kioo, nikazitia rangi ya Hoechst inayoshika DNA, nikaenda kuomba hadubini ya jirani. Kiini cha seli kilionekana kama kawaida, duara la buluu. Lakini nje ya kiini, mahali panapotakiwa kuwa giza tupu, palijaa nukta ndogondogo, kama vumbi la unga juu ya kanga nyeusi. Maikoplazma.

Kwa wasiomjua: ni bakteria asiye na ukuta, kwa hiyo penisilini haimpati, kwani penisilini hushambulia ukuta. Ni mdogo hata hupenya kichujio cha mikroni 0.22 tunachokiamini. Hachafui midia. Anakaa tu na seli zako, anakula chakula chao na kuvuruga kila kipimo, nawe unaandika matokeo.

Tulitupa kila kitu: seli zote, midia zote zilizofunguliwa, na ile seramu mpya. Inkubeta tuliipangusa kwa spiriti, tukaacha wiki moja tupu. Hasara nikiijumlisha ni kama shilingi 130,000 na wiki nne. Kosa langu liko wazi: kit ya PCR ya kupima maikoplazma, shilingi 45,000, niliiona ghali mwezi wa Januari.

Tuliwapigia simu wale waliotupatia seli, wakapima zao, nazo zinazo. Hawajui zilianza lini na mimi siwezi kuapa kwamba hazikutoka kinywani mwangu, maana aina nyingine ya maikoplazma hukaa mdomoni mwa binadamu, na mimi huongea nikifanya kazi. Sasa tunavaa barakoa. Seli mpya tumeziomba maabara nyingine, wamepima kabla ya kutuma, na zikifika zitakaa wiki mbili peke yake, zishughulikiwe mwisho wa siku baada ya kazi nyingine zote.

3 Aprili: bafa iliyotoka friji

Wakati wa kusubiri seli tulianzisha kipimo cha FAAH kwa kimeng'enya cha kununua. Mbinu ni nyepesi: unakipa kimeng'enya anandamidi bandia iliyofungwa kwenye kumarini. Kikikata, kumarini inaachiliwa na kung'aa, nawe unasoma mng'ao.

Haikung'aa. Yaani iling'aa, lakini robo tu ya ile tuliyotegemea. Tulirudia mara tano. Nikaagiza anandamidi bandia nyingine, nikiamini ya kwanza imeoza kwa hewa, maana ina mafuta yenye vifungo pacha vingi na huharibika upesi. Shilingi 27,000 pamoja na usafirishaji. Haikung'aa nayo.

Ilikuwa Ramadhani. Tulikuwa tunaanza alfajiri na kukimbizana kumaliza kabla ya magharibi. Bafa ya Tris (maji ya kemikali yanayoshikilia pH, yaani kiwango cha uasidi) tulikuwa tunaiandaa jioni, tunaiweka friji, asubuhi tunaitoa na kuirekebisha hapohapo ifike pH 9.0, ambayo FAAH huipenda, kisha kipimo kinafanyika kwa nyuzi 37. Siku ya tano mwanafunzi aliacha kijiti cha kipima pH ndani ya bafa akaenda kuswali adhuhuri. Aliporudi kilikuwa kinasoma 8.3.

Tris hubadilika na joto. Kila nyuzi moja ya joto inayopanda, pH hushuka kama 0.028. Kutoka nyuzi 4 za friji hadi 37 za mashine ni nyuzi 33, na 33 mara 0.028 ni zaidi ya 0.9. Tulichokuwa tukikiita 9.0 kilikuwa 8.1 pale kimeng'enya kilipokutana nacho. Nilifundishwa hili mwaka wa pili wa chuo na nimelifundisha mwenyewe darasani.

Sasa bafa inapashwa hadi 37 ndipo ipimwe. Mng'ao umepanda kama ilivyotakiwa, na URB597 inauzima. Ile anandamidi bandia ya kwanza ilikuwa nzima kabisa, imekaa friza.

22 Aprili: uji

Seli mpya zimepimwa mara mbili, safi. Tukapanda agari laini kwa mara ya kwanza.

Kwa atakayeiga: tabaka la chini ni agari ya asilimia 0.6, linaachwa ligande. Juu yake seli 5,000 zilizochanganywa na agarozi ya asilimia 0.3, ile aina inayoyeyuka kwa joto dogo, ili usizichemshe seli. Vishimo sita kwa sahani. Kisha inkubeta, wiki mbili hadi tatu, unaongeza midia yenye dawa mara mbili kwa wiki.

Siku hiyo kiyoyozi kilikuwa kimekufa. Kipimajoto cha ukutani kilisoma 31. Tabaka la chini liliganda bila matata. La juu tulilimimina, tukangoja nusu saa kama karatasi ya maelekezo inavyosema, "joto la chumba", tukaweka sahani kwenye inkubeta tukaenda zetu. Asubuhi niliinua sahani kuitazama, nikaiinamisha kidogo, na tabaka la juu likateremka upande mmoja kama uji wa wimbi. Chini ya hadubini seli zote zilionekana wazi kwa mpigo mmoja, na hiyo ni dalili mbaya. Zilitakiwa ziwe zimetapakaa juu na chini, ukirekebisha lenzi unaona hizi, zile zinafifia. Zilikuwa zimezama zote, zimelala juu ya tabaka la chini zimebanana.

Nikasoma upya kibandiko cha chupa: agarozi hii huganda kati ya nyuzi 26 na 30. Chumba kilikuwa 31. Inkubeta ni 37. Isingeganda hata tungengoja hadi mwisho wa mwaka. Walioandika "joto la chumba" walikuwa na chumba kingine akilini.

Dawa yake haigharimu kitu: sahani inaingia friji ya nyuzi 4 kwa dakika 10, juu ya ubao ulionyooka, halafu inapumzika mezani dakika 10, ndipo inkubeta. Ikishaganda haiyeyuki tena hadi nyuzi 65 hivi, kwa hiyo 37 haiidhuru. Zaidi ya dakika 15 kwenye friji seli zinaanza kununa. Sahani ya pili tuliipoteza kwa kosa la upande wa pili, tulimwaga agarozi ikiwa bado 50 tukazipika seli. Ya tatu iliganda sawasawa.

Fundi wa kiyoyozi, 9,500, na anasema kompresa haina siku nyingi.

20 Mei: njano isiyo yetu, na mwanamume asiye na Y

Masika imeingia na ukungu umeingia nayo. Sahani mbili zimekwenda. Kiyoyozi kipya kilikuwa kinapuliza moja kwa moja kwenye mlango wa kabati la hewa safi. Tumekigeuza, na kwenye trei ya maji ya inkubeta tunatia chembe za salfati ya shaba. Stima nayo ilipotea saa tisa usiku mmoja na jenereta ikagoma. Hatukufungua mlango wa inkubeta kabisa, seli zikapona. UPS ya inkubeta, 48,000.

Sasa kipimo cha MAGL. Tunatumia asetati ya nitrofenili, ambayo ikikatwa hugeuka njano na husomwa kwa nanomita 405. Ni rahisi, lakini haina uaminifu, kwani kila esterasi (kundi kubwa la vimeng'enya vya kukata) inayopita huikata. Tulipotia JZL184 kwenye seli za PC-3 zilizosagwa, njano ilipungua theluthi tu. Nikadhani dawa ni dhaifu. Nikaongeza dawa mara kumi, ikapungua zaidi, nikafurahi siku mbili, hadi nilipokumbuka kwamba ukizidisha JZL184 inaanza kuzuia na FAAH na esterasi nyingine. Nilikuwa nazima taa za mtaa mzima ili nione kama ya kwangu imezimika.

Ile njano ya ziada ilitoka sehemu mbili. Moja ni seramu ya ndama, ambayo ina esterasi zake na tulikuwa hatuisuuzi vya kutosha. Nyingine ni joto: vishimo visivyo na seli hata moja vilikuwa vinageuka njano vyenyewe, taratibu. Tukaanza kusuuza seli mara tatu kwa maji ya chumvi. PC-3 zilivumilia. LNCaP ziling'oka zote zikaenda na maji kwenye ndoo. (Nilisema zitanirudia.) Kwa hizo sasa tunazikusanya kwanza, tunazizungusha kwenye sentrifuji, ndipo tunasuuza. Na kipimo tunakisoma kwa tofauti: njano bila dawa, toa njano yenye JZL184 ya maikromola 1, kilichobaki ndicho tunachokiita MAGL. Kwa hesabu hiyo PC-3 zina MAGL kingi kuliko LNCaP, kama ilivyotarajiwa.

Jambo jingine la haraka: 2-AG na anandamidi hunata kwenye plastiki. Zichanganyeni ndani ya vichupa vya kioo.

Kisha ikaja taharuki. Tulipeleka sampuli za DNA nje kuhakikisha seli ni zile zilizoandikwa kwenye chupa, shilingi 25,000 kila moja. Si anasa: tangu mwaka 1966, Stanley Gartler alipoonyesha kwamba koo nyingi za seli zilizodhaniwa mbalimbali zilikuwa HeLa tupu, seli za Henrietta Lacks za mwaka 1951, hakuna anayepaswa kuamini kibandiko. Ripoti ilikuja kwa barua pepe usiku. Mwanafunzi alinipigia saa nne, sauti inatetemeka: "Mwalimu, PC-3 zetu ni za mwanamke." Ripoti inaonyesha kromosomu X peke yake, Y ya kiume hakuna. Seli za tezi dume, Y hakuna! Nami usingizi ukaniruka, nikaona miezi mitano inaelea kuelekea Kilindini.

Tulipotulia tukalinganisha alama nyingine zote na kumbukumbu za benki za seli. Zote zilikubali. PC-3 zimepoteza Y yao, na hata kwenye benki za seli zimeandikwa hivyo, X tu. LNCaP zetu zina X na Y. Kwa hiyo tuko salama, na mwanafunzi amekatazwa kupiga simu usiku kabla ya kusoma ukurasa wa pili.

Wiki hiyohiyo jirani yangu wa Majengo, mama mzee, alinishika mkono mlangoni. Mumewe ana saratani ya tezi dume na kuna mtu anamwuzia mafuta ya bangi. "Mwanangu, hiyo dawa yenu ikiwa tayari, mtie mzee wangu kwenye orodha." Nilimwambia, "Mamangu, sisi tunachezea seli kwenye vikombe, hatujafika kwa mtu, na mimi sitafika." Nikamsimulia habari ya Rennes, Ufaransa, Januari 2016: dawa ya kuzuia FAAH ilijaribiwa kwa watu wenye afya zao, mmoja akafariki na wengine wakalazwa, na inaaminika dawa ile iligusa vimeng'enya vingine visivyokusudiwa. Alisikiliza hadi mwisho. Akauliza kama yale mafuta ya bangi ayaache. Nikamwambia asiyafiche, amweleze daktari wa mzee, na ile dawa ya hospitali asiikatize hata siku moja. Sijui kama jibu langu lilimtosha.

17 Juni: hesabu ya kwanza

Siku 18 ndani ya inkubeta. Vishada vimeota. Nilivitia rangi ya urujuani nikavihesabu mwenyewe, vishimo vitatu vitatu, wastani:

bila dawa 58, URB597 56, JZL184 29.

Nusu! Nilimwita mwanafunzi, nikamwita Ami. Ami alitazama karatasi, akauliza swali moja: "Ulijua kipi ni kipi ulipokuwa unahesabu?" Bila shaka nilijua, vimeandikwa kifunikoni kwa mwandiko wangu.

Alichukua sahani, akafuta, akaandika A, B na C bila kuniambia, akahesabu yeye. Hesabu yake: bila dawa 55, URB597 54, JZL184 41.

Tulikaa kwenye hadubini pamoja, kishimo kimoja cha JZL184, tuone tulipotofautiana. Ni kwenye vidogo. Kile kishada cha wastani, ambacho si donge la seli sita wala si duara kamili, kwenye kishimo bila dawa nilikuwa nimekihesabu, na kwenye kishimo chenye dawa nimekipita. Sikukusudia. Nilikuwa nimeshaamua, jicho likafuata.

Sheria mpya imebandikwa ukutani: kishada ni kile chenye upana wa mikroni 50 kwenda juu, kinapimwa kwa rula ya lenzi, na anayehesabu hajui kilichomo. Hesabu yangu ya 29 nimeiacha kwenye daftari, imepigwa mstari mmoja, inasomeka.

8 Julai: marudio

Sahani mpya, seli mpya, Ami ameficha majina, mwanafunzi amehesabu. Bila dawa 60, URB597 61, JZL184 47, zote mbili pamoja 45. Mwelekeo ni uleule wa Ami, si wa kwangu: JZL184 inapunguza kama robo, kuzuia FAAH hakuonekani kuongeza kitu. Kwa majaribio mawili siwezi kusema zaidi ya hapo, na sitasema kabla ya matano.

LNCaP hatujazihesabu. Hushikana zenyewe kwa zenyewe, ukizipanda unakuta "vishada" siku ileile ya kwanza. Sasa tunazipitisha kwenye kichujio cha mikroni 40 na kupiga picha siku ya sifuri, tujue yaliyokuwapo kabla.

Linalofuata ni kurudisha mafuta. Kama kweli MAGL hulisha seli kwa asidi za mafuta, basi PC-3 zilizozuiwa, zikipewa asidi ya palmitiki kutoka nje, ziote tena. Jaribio la kwanza limeharibika jana. Palmitiki lazima ifungwe kwenye albumini (protini ya damu) kabla ya kufika kwa seli, nami niliimwaga ikiwa moto ndani ya albumini iliyotoka friji. Iliganda hapohapo, mapande meupe yanaelea juu kama mafuta ya mchuzi wa jana. Albumini ilinigharimu 19,000, imebaki nusu. Alhamisi tunaipasha hadi 37 kwanza, tunaitia palmitiki tone kwa tone. Sahani nane zimeshagandishwa tayari, na majina yake anayajua Ami peke yake.